Damu Imepungua, Lakini Imepunguaje?

Jumamosi moja mtaani Matonge, Brussels, hatua chache kutoka Porte de Namur, mama mmoja wa Bukavu alinipa karatasi ya maabara ya mwanawe. Alikuwa ameikunja mara nne, wino umeanza kufifia kwenye mikunjo. Mfuko wake ulikuwa na sombe, yaani kisamvu, na chupa mbili za juisi ya bitiruti.

"Dada, nisomee," akasema. "Wameniambia damu ya mtoto imepungua. Nampa bitiruti na sombe mwezi wa tatu huu, haipandi. Nakosea wapi?"

Hakuwa amekosea kumlisha mwanawe. Kinachotupoteza ni jina. Tunasema "upungufu wa damu" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, wenye dawa moja, na dawa yenyewe ni kitu chochote chekundu. Upungufu wa damu ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Nyuma yake kuna magonjwa yasiyofanana hata kidogo, na dawa ya mmoja yaweza kuwa madhara kwa mwingine.

Tuikunjue hiyo karatasi. Mstari ambao kila mtu huutazama ni wa hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mtoto huyu wa miaka 6 alikuwa na gramu 7.9 kwa desilita. Kwa umri wake, chini ya 11.5 tayari ni upungufu. Mama aliishia hapo, kama wengi tunavyoishia. Lakini mistari inayoeleza sababu iko chini yake.

Kuna mstari wa ukubwa wa chembe. Aliyekosa madini ya chuma hutengeneza chembe ndogo, zilizopauka, kama mwokaji mwenye unga haba anayezidi kupunguza donge ili idadi ya maandazi itimie. Huo ndio upungufu ulioenea kuliko wote duniani: kwa wanawake wenye hedhi nzito, wajawazito, na watoto wenye minyoo ya safura. Aliyekosa vitamini B12 au foleti chembe zake huwa kubwa kupita kiasi. Za mtoto huyu zilikuwa za ukubwa wa kawaida. Basi chuma hakikuwa mshukiwa wa kwanza.

Kisha kuna mstari wa chembe changa, retikulosaiti, zilizotoka kwenye uboho wa mifupa siku moja au mbili tu zilizopita. Kwa kawaida ni moja au mbili katika kila mia. Yeye alikuwa nazo 14. Hapo karatasi yote inabadilika maana: uboho wake haukulala, unafanya kazi usiku na mchana, ila kila unachotengeneza kinavunjika njiani. Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi. Za mtoto huyu zilikuwa zikifa kati ya siku ya 10 na ya 20. Hakuna juisi inayoweza kuziba tundu la namna hiyo.

Tone la damu likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, sababu huonekana kwa macho. Katikati ya chembe za mviringo zimelala nyingine zilizopinda na kuchongoka ncha zote mbili, umbo la mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo selimundu; Wakongo wengi huiita SS tu. Asidi amino moja ndani ya hemoglobini imebadilishwa, na oksijeni inapopungua, hemoglobini hiyo hujipanga kama vijiti na kuikunja chembe. Chembe ngumu hukwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu ya mifupa yanapotoka. Mzazi anayesikia mtoto akilia usiku kwa mguu usio na kidonda hasikii deko.

Angezaliwa Brussels, ugonjwa huu ungegunduliwa mapema. Mwaka 1994 damu ya kitovu ya watoto wanaozaliwa katika jiji hili ilianza kupimwa selimundu, na katika watoto zaidi ya 190,000 waliopimwa miaka ya kwanza Brussels na Liège walipatikana 123. Yeye alizaliwa Bukavu, akafika na miaka minne.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni saratani ya damu. Swali hilo lastahili jibu kamili. Katika lukemia, chembe nyeupe changa hugoma kukomaa, huzaana na kuujaza uboho hadi chembe nyingine zikose nafasi. Nyekundu hupungua, na zile za kugandisha damu pia. Ndipo michubuko huja bila kuanguka, fizi hutoka damu, homa haziishi. Lakini hapo chembe changa nyekundu huwa chache, si 14 katika mia. Karatasi yake haikusema hivyo.

Hata hivyo magonjwa haya mawili yaliwahi kukutana ndani ya mwili mmoja. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana mwenye selimundu aliyepandikizwa uboho kutibu lukemia. Lukemia ilipona, na selimundu ikaondoka nayo, kwa sababu kiwanda chenyewe kilikuwa kimebadilishwa. Brussels ilikuwa kati ya miji ya mwanzo kulitumia funzo hilo kwa makusudi: mwaka 1988 Christiane Vermylen na wenzake walitangaza watoto watano waliopandikizwa kwa ajili ya selimundu yenyewe. Wengi wa watoto wa miaka hiyo walikuwa wa familia za Kiafrika. Mwaka 1996 Alina Ferster, wa jiji hilohilo, alionyesha kwamba haidroksiyurea, kidonge kinachoamsha hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, isiyojipanga kama vijiti, hupunguza kulazwa hospitali: wagonjwa 16 kati ya 22 hawakulazwa hata mara moja kwa maumivu walipokuwa wakiitumia, dhidi ya 3 walipopewa kidonge kisicho na dawa. Miaka mingi baadaye kidonge hicho kilijaribiwa kwa watoto wa Uganda, Kenya, Angola na Kongo, nacho kikawafaa.

Nilimwambia aache vidonge vya chuma alivyonunua mwenyewe mpaka akiba ya chuma ipimwe, maana mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara hurundikiwa chuma kwenye ini na moyo. Sombe aendelee kupika.

Halafu nikamwonyesha ulipo wengu, kiungo kinachoweza kunasa damu ghafla kwa mtoto mwenye selimundu. Vidole vitatu bapa, chini ya mbavu za kushoto, mtoto akivuta pumzi. Ukihisi kitu kigumu kinakugonga vidole, au kimekua kuliko jana na mtoto amepauka ghafla, huenda damu imenaswa humo: ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Alijaribu kwanza kwenye ubavu wake mwenyewe, juu ya koti, karatasi ikiwa kwenye mkono wa pili.