Mkono unaishia wapi?

Msomaji, hebu mfikirie mama wa Kikoneni, kule Kwale, amekalia mbuzi anakuna nazi. Mfunge kamera ndogo kwenye paji la uso. Video utakayopata haitakuwa na sura yake hata kidogo. Itakuwa na kile akionacho yeye: sinia, kizio cha nazi na mikono yake miwili ikikizungusha. Kuifundisha kompyuta kuitambua mikono ya aina hiyo ni taaluma kamili siku hizi, na mimi naona ina swali linalotuhusu sisi wa lugha.

Mashine haijui mkono ni nini. Huonyeshwa maelfu ya picha ambazo watu wamekwisha kuzungushia mikono mstari, ikajifunza humo. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walitoa mkusanyiko wa EgoHands: video 48 za watu wawili wawili wakicheza karata, sataranji, fumbo la kupanga vipande na Jenga (naam, mchezo uliopewa jina kwa kitenzi chetu). Walichora mikono zaidi ya 15,000, na kila mstari ulikomea pale kitanga kinapoanzia.

Kwa Kiingereza hilo ni jepesi. Kitanga na vidole vina jina lao, na sehemu ya juu ina lake. Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi ncha za vidole. Mwambie kijana "zungushia mkono", atapanda mpaka bega, na hajakosea! Sema "kiganja", huenda akaacha vidole nje. Sema "komea kwenye kiwiko", basi umeharibu kabisa: kuna wanaoita hivyo kisugudi, na kuna wanaokusudia kile kiungo kilicho karibu na kitanga. Wachoraji wawili, mistari miwili, na kompyuta inafunzwa vitu viwili kwa jina moja.

Si jambo la mbali. Mradi wa Ego4D, uliotangazwa mwaka wa 2021, umekusanya saa 3,670 za video kama hizi kutoka nchi 9, Rwanda ikiwamo. Siku wakija kurekodi wakuna nazi na wasuka makuti wa Kwale, ambao vidole vyao hujificha nyuma ya kazi yenyewe, maagizo yaandikweje?

Wapo watakaotaka tubuni istilahi mpya. Mimi sioni haja. Ningeandika tu: "Chora kitanga pamoja na vidole vyote, ukomee kwenye kifundo cha mkono."