Picha Ipungue Kabla ya Mkasi

Machi 2020 jarida la Time la Marekani lilitoa mfululizo wa majalada ya kuwaenzi wanawake 100, kila mmoja akiwakilisha mwaka wake kuanzia 1920. Mwaka 2001 akapewa Wangari Maathai wa Kenya, na sura yake kwenye jalada hilo ni ya kushonwa. Aliyeishona ni Bisa Butler, msanii wa New Jersey ambaye baba yake ni Mghana. Ukiitazama kwenye simu utadhani ni mchoro wa rangi. Ikuze kidogo ndipo utaona chapa za vitambaa na mistari ya cherehani.

Kazi hiyo inaitwa kwilti. Ni tandiko la matabaka matatu: juu vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba ya kujazia, chini kitambaa cha kuzibia, kisha yote hupigwa mishono inayopenya hadi upande wa pili. Zamani ilikuwa kazi ya nyumbani, ya kumalizia vipande na kujikinga na baridi. Siku hizi imeingia kwenye majumba ya makumbusho, na kompyuta imeifungulia mlango mwingine, kwa kuwa picha yoyote iliyo kwenye simu yako inaweza kuhaririwa ikawa kitambaa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanafikiri kuhariri ni kuongeza: rangi ikolee, ngozi ing'ae, mandhari iwe ya maua. Kwa karatasi ya kuning'iniza ukutani, sawa. Kwa kitambaa, mhariri mzuri ni yule anayejua kupunguza.

Mtazame Butler anavyofanya. Mwaka 2018 alitengeneza kwilti aliyoiita Southside Sunday Morning, kutokana na picha ya Russell Lee ya mwaka 1941: wavulana watano wa Chicago ndani ya suti zao za Pasaka. Picha yenyewe ni ya nyeusi na nyeupe. Butler huikuza picha ya namna hiyo ifike kimo cha mtu, akatenga sehemu za giza, za mwanga na za katikati, kisha kila sehemu akaitafutia kitambaa chake. Nyuso zinapata bluu, zambarau, nyekundu, hata kijani, lakini hazipotezi sura ya mwenyewe. Siri ni kwamba jicho la binadamu huutambua uso kwa mpangilio wa giza na mwanga kwanza. Rangi hufuata nyuma. Ukiupatia mpangilio huo, unaweza kumvalisha mtu shavu la zambarau na mwanawe akamtambua toka mlangoni.

Tuseme unayo picha ya bibi aliyekaa barazani saa kumi jioni, kanga kichwani, jua likimpiga upande mmoja. Hiyo ni picha nzuri kwa kazi hii. Ile aliyopigwa ndani kwa mwanga wa simu, uso kwa uso, haifai, maana mwanga huo umefuta vivuli vyote na bila vivuli hakuna cha kukata. Iingize ile ya barazani kwenye programu ya kuhariri; GIMP hupatikana bure na inatosha. Ondoa mandhari ya nyuma. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, ongeza tofauti kati ya giza na mwanga, kisha itie ukungu kidogo, hatua ambayo wanaoanza huiruka. Ukungu huo humeza mikunjo midogo na vinyweleo ambavyo vingekuja kuwa vipande visivyokatika. Sasa tumia amri ya kupunguza viwango vya rangi, na uchague vitano. Uso wa bibi utageuka ramani: kisiwa cheupe juu ya paji la uso, kingine kwenye ncha ya pua, pwani ya kijivu shavuni, na giza chini ya kidevu.

Anza kufuta visiwa vidogo. Kipande chochote kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba kitafumuka nyuzi kabla hujakishona, kwa hiyo kiunganishe na jirani yake. Kuna kimoja tu usikiguse: lile doa jeupe ndani ya mboni ya jicho. Likitoka hilo, mtu anakuwa na macho ya sanamu. Kama ni dogo mno kwa mkasi, litie baadaye kwa uzi mweupe.

Kisha chapisha ramani hiyo kwenye karatasi kadhaa za A4, ziunganishe kwa gundi, na kila eneo ulipe namba ya kiwango chake. Ukitumia kile kitambaa chembamba chenye gundi kinachoshikishwa kwa pasi, geuza picha kushoto iwe kulia kabla ya kuchapisha, maana utachora upande wa nyuma. Asiyegeuza atampata bibi akitazama upande usio wake, na kipini cha pua kimehama tundu.

Kuchagua vitambaa kunahitaji ujanja mmoja mdogo. Rangi za kitenge hudanganya. Nyekundu ya damu na kijani cha majani ya mgomba huonekana kama mbingu na ardhi, kumbe kwa giza na mwanga mara nyingi ziko sawa kabisa. Ukiziweka jirani shavuni, umbo linapotea. Tandaza vipande vyako chini, vipige picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Papo hapo utaona kipi ni cha kivuli na kipi ni cha mwanga. Mabaki ya kwa fundi cherehani, ambayo mara nyingi huishia kwenye shimo la taka, yanakuwa sanduku la rangi.

Njia ya pili ni kuichapa picha yenyewe juu ya kitambaa. Inaonekana rahisi zaidi, na ndiyo inayowaliza wateja wengi, kwa sababu ndoa ya wino na uzi haikubali kulazimishwa.

Wino wa mashine nyingi zinazochapa jezi na vikombe hugeuka mvuke ukipata joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na mvuke huo huingia ndani ya uzi wa poliesta ukabaki humo. Ndiyo maana namba ya jezi haitoki. Pamba haiwezi kuupokea mvuke huo. Utachapiwa kwenye shuka la pamba, litakuwa zuri dukani, na likifuliwa picha itaondoka na povu. Pamba ina wino wake, ule unaofunga kifungo cha kikemikali na uzi kwa msaada wa magadi, kisha kitambaa kikapigwa mvuke na kuoshwa. Hiyo ndiyo chapa bora kwa kwilti: kitambaa kinabaki laini na rangi ni sehemu ya uzi. Ila inahitaji mitambo, na si kila mtaa unayo. Upo pia wino wa chembe zinazokaa juu ya uzi zikishikwa na gundi yake. Huo hukubali karibu kitambaa chochote, hauogopi maji sana, ila unachukia kusuguliwa.

Halafu kuna filamu. Picha huchapwa kwenye filamu ya plastiki, ikanyunyiziwa unga wa gundi na kubandikwa kwa joto. Kwa fulana sina ugomvi nayo. Kwa kwilti, hapana. Sindano ikipita inaacha tundu lisiloziba, na pasi ikigusa juu yake imeondoka na pua ya mzee.

Hujui kitambaa chako ni cha nini? Chomoa nyuzi chache ukazichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa shanga ngumu yenye harufu ya plastiki. Tetroni za sare nyingi ni mchanganyiko, na picha juu yake hutoka imepauka.

Kitambaa ninachokipendekeza ni bafta nyeupe, iliyofuliwa kwanza kwa maji ya moto ili itoe dawa ya kiwandani na imalize kunywea. Marikani ni imara na ina heshima yake, lakini haijapaushwa, na printa za kawaida hazina wino mweupe: weupe wa picha ni weupe wa kitambaa. Kwenye marikani, meno na macho ya bi harusi yatakuwa rangi ya chai ya maziwa.

Tena pamba hunywa wino na kuutawanya, hivyo vivuli huzidi giza. Kwa picha za watu weusi hili si jambo dogo. Uso uliokuwa na uhai kwenye skrini unaweza kutoka kama bonge moja la kahawia, tabasamu limezama. Kabla ya kuchapa, pandisha mwanga wa rangi za kati, zile za shavu na paji la uso, na uache nyeusi halisi ibaki kwenye nywele na mboni. Kwenye skrini picha itaonekana imepauka kidogo, usijali.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kitambaa si karatasi ya picha, nukta 150 kwa inchi zinatosha. A4 inataka takriban pikseli 1,240 kwa 1,754. Upana wa mita moja unataka kama 5,900. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp imebanwa. Mwambie ndugu yako aitume kama faili.

Kwa nini nayasema haya kwetu, ambako baridi si tatizo? Kwa sababu vipaji vya kuhariri tunavyo. Mafundi wa stesheneri wanaomvisha mtu suti na tai asizowahi kumiliki, kwa ajili ya paspoti, wana ujuzi wote unaotakiwa. Tena picha juu ya nguo ni jambo letu tayari: kanga za kampeni, vitenge vya harusi, fulana za msiba zenye sura ya marehemu. Fulana hizo huvaliwa siku ya mazishi, labda na arobaini, kisha zinageuka tambara la kufutia gari. Mimi naona ni kumkosea heshima marehemu. Familia ikichapa picha moja nzuri kwenye bafta, ikaizungushia vipande vya kanga zake na shati alilolipenda, itakuwa imepata kitu cha kurithishana. Wamarekani walishafanya hivyo kwa ukubwa wa kutisha: mwaka 1987 kwilti ya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI ilitandazwa Washington ikiwa na paneli 1,920, nyingi zikiwa zimeshonwa na jamaa na marafiki wa marehemu.

Angalizo la sheria. Kuigeuza picha ya mtu mwingine kuwa vipande vitano vya kitenge hakuifanyi kuwa yako. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilikataa utetezi wa wakfu wa msanii Andy Warhol kuhusu mchoro wake uliotokana na picha ya mwanamuziki Prince iliyopigwa na Lynn Goldsmith mwaka 1981. Hapa kwetu Tanzania hakimiliki ina sheria yake na taasisi yake ya kuisimamia, COSOTA. Picha mliyoipiga wenyewe haina shida; ya mpiga picha wa gazeti, omba ruhusa.

Na ukifika dukani, usitoe pesa kabla ya kujua mashine inatumia wino gani. Mwenye duka akisitasita, mpe kipande cha bafta cha ukubwa wa kiganja akuchapie sampuli. Kaifue kwa sabuni mara tatu, ianike kivulini, ipige pasi upande wa nyuma. Ikibaki vile vile, rudi na picha ya mama.