SHAMBA LINAPIGWAJE?

Sisi wa elimu ya watu wazima tulikuwa Mwamkulu, tukasoma barua ya mkopo pamoja na wakulima wa mpunga. Iliandikwa: "Asipolipa, shamba litapigwa mnada." Mzee mmoja akacheka. "Shamba unalipigaje? Kwa fimbo?"

Herufi zote alizisoma sawasawa, lakini maana ilimpita. Kupiga mnada ni kuuza mali hadharani, na mwenye kutoa bei kubwa ndiye anachukua. Maana yake majaruba yangekwenda kwa mtu mwingine!

Neno "kupiga" lina mambo mengi. Kupiga kura ni kuchagua. Kupiga marufuku ni kukataza. Kupiga chapa ni kuchapisha, kama gazeti hili. "Kula" nalo ni hivyo hivyo: kula kiapo ni kuapa, kula hasara ni kupata hasara, wala hapo hakuna ugali. Waingereza nao wanayo. Mvua kubwa kwao hunyesha "paka na mbwa"!

Chini ya barua paliandikwa "Tia sahihi hapa", yaani andika jina lako kuonyesha umekubali. Mzee hakutia siku ile. Aliuliza kwanza: deni linalipwa lini, kabla ya mavuno au baada yake?