Je, Tunaweza Kujua Mapema Kwamba Chanjo Itashindwa?

Wazazi wengi huuliza: kwa nini chanjo ijaribiwe kwa watoto kabla ya kuwa na hakika kwamba inafaa? Tuutazame mfano wa malaria.

Katika miaka ya 1980 Dk. Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia alitengeneza chanjo iliyoitwa SPf66. Amerika ya Kusini ilitia moyo. Kisha ikajaribiwa katika kijiji cha Idete, Kilombero, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Wengine walipata chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo hiyo, ili walinganishwe. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: homa za malaria zilipungua kwa asilimia 31. Lakini mwaka 1995, huko Gambia, kinga ilikuwa asilimia 8 tu, na mwaka 1996, huko Thailand, haikuonekana kabisa. SPf66 ikaachwa.

Je, kushindwa huko kungetabirika? Kwa sehemu tu. Watoto wa Idete hawakufika 1,000, na hesabu zilionyesha kwamba kinga ya kweli ingeweza kuwa popote kati ya asilimia 0 na 52. Hiyo ilikuwa dalili ya tahadhari, lakini dalili si hukumu. Chanjo nyingine, RTS,S, nayo haikuwa na kinga kamili. Hata hivyo, ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika, pamoja na Bagamoyo na Korogwe, na ilisaidia. Oktoba 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, likaipendekeza kwa watoto.

Basi tofauti haikuonekana kwa kukisia, bali kwa kurudia majaribio. Na jaribio lililoshindwa halikuwa bure: liliwaepusha watoto wengi na sindano isiyowafaa.

Mzazi, ukiombwa mtoto wako ashiriki jaribio, uliza haya:
1. Dawa hii imejaribiwa kwa nani kabla?
2. Madhara yake ni yapi?
3. Mtoto akiugua, nani atamtibu?
4. Naweza kumtoa wakati wowote? (Hiyo ni haki yako.)

Hata mtoto aliyechanjwa alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu.