Mzunguko wa Barabara: Jinsi Duara Linavyookoa Maisha

Msafiri atokaye Nzega hufika Tinde, mkoani Shinyanga, mahali ambapo barabara kuu hugawanyika. Tawi moja huelekea Shinyanga mjini na Mwanza. La pili huelekea Isaka na Kahama, hadi Rwanda na Burundi. Kutoka Kahama ziko njia ziendazo kwenye migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu na Geita. Katika njia panda za namna hii malori yenye tela, mabasi, bodaboda na baiskeli hukutana kila siku, na kosa la nukta moja ya dakika huweza kugharimu maisha ya watu. Je, sayansi yaweza kusaidiaje?

Tuanze na hesabu. Chora barabara tatu zikutanazo, kisha chora mstari kwa kila njia ambayo gari laweza kufuata. Utapata nukta 9 za hatari: 3 za kuachana, 3 za kuungana na 3 za kukatana. Hizi za mwisho ndizo mbaya zaidi, kwani hapo gari moja huweza kuligonga jingine ubavuni, ambako abiria hana kinga ila bati jembamba.

Sasa weka kisiwa cha mviringo katikati, na magari yote yakizunguke kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kama ipasavyo katika nchi ambamo magari hupita kushoto. Huo ndio mzunguko, ambao madereva wengi huuita kiplefti. Nukta za kukatana hutoweka zote. Hubaki 6 tu. Penye barabara nne, nukta hupungua kutoka 32 hadi 8.

Faida ya pili ni mwendo. Nishati ya mwendo hutegemea kipeo cha pili cha kasi. Kwa hiyo lori liendalo kilomita 60 kwa saa lina nishati mara 4 ya lori hilo hilo liendapo kilomita 30. Dereva aweza kukipuuza kibao, lakini kona humlazimisha kupunguza mwendo.

Hata hivyo, duara bila kanuni halitoshi. Mwaka 1966 Uingereza iliamua kwamba aingiaye ampishe aliyekwisha kuwamo. Huko Marekani, uchunguzi wa njia panda 24 zilizogeuzwa kuwa mizunguko ya namna hiyo, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kuwa ajali zenye majeruhi zilipungua kwa takribani robo tatu.

Umbo nalo lina masharti. Mlango wa kuingilia ukinyooka mno, gari hupita bila kupunguza kasi. Magurudumu ya nyuma ya tela hukata kona kwa ndani. Hivyo kisiwa huhitaji ukingo mpana wa chini unaoweza kukanyagwa. Waendao kwa miguu wapewe vivuko kabla ya mlango, na baiskeli, ambazo ni nyingi Shinyanga, zipewe njia yake. Usiku taa ni za lazima.

Wanafunzi waweza kupima wenyewe. Wakiwa na mwalimu, mbali na barabara, wachague alama mbili zilizo umbali wa mita 50. Gari lipitalo kati yake kwa muda usiofika sekunde 3.6 limezidi kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria kwenye makazi ya watu. Kumlaumu dereva pekee hakutoshi; yatupasa kujenga barabara ambayo kosa lake halitaua.