Chupa ya finalisti

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, komine ya Shari hapa Bunia haingoji redio. Simu inaita, mtu anapiga vigelegele, na punde finalisti, yaani mwanafunzi aliyefaulu, anatoka nyumbani amemwagiwa poda nyeupe kuanzia nywele hadi shingoni. Pikipiki zinapiga honi, mashati ya shule yanachorwa kwa kalamu. Halafu bia za Primus zinafika. Mara nyingi mnunuzi ni mjomba, au kaka aliyerudi na pesa ya dhahabu kutoka Mongbwalu, na wakati mwingine ni baba mzazi.

Kijana huyo huenda ana miaka 17. Katiba yetu ya Kongo, ibara ya 41, na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 zinamhesabu kuwa mtoto hadi atimize 18. Wakubwa waliomzunguka wanajua umri wake, na bado wanamjazia glasi, kwani machoni pao diploma imemkuza siku hiyohiyo. Chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72. Kwa kilevi cha asilimia 5, ndani yake mna karibu gramu 28 za alkoholi tupu. Yeye hajaonja chakula tangu asubuhi kwa wasiwasi, na hiyo ni chupa ya kwanza tu.

Akiingia Chuo Kikuu cha Bunia au chuo cha ualimu cha ISP, desturi inamngoja hukohuko. Mwanafunzi akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho, anatarajiwa kuwanywesha wenzake, na wapo wanaokopa ili wasiitwe wachoyo. Pesa ikipungua, wanahamia kwenye lotoko na kaikpo, pombe za kukenekwa majumbani ambazo nguvu zake hazikuandikwa popote. Kinachoniumiza zaidi ni yanayofuata usiku: vijana watatu juu ya pikipiki moja, msichana aliyelewa akiachwa kwenye chumba cha watu asiowajua, na wote hao katika mji ulio chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021.

Je, dawa ni kupandisha umri wa kunywa? Kenya ilitangaza sera mwaka 2025 inayopendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Marekani ilisukuma majimbo yake kwenye 21 kwa sheria ya 1984, ikitishia kuyakatia fedha za barabara. Lakini kule muuzaji anadai kitambulisho na anaonyeshwa. Hapa kwetu kadi ya taifa ilizinduliwa na Rais Tshisekedi mwaka 2023, na hadi leo raia wa kawaida wa Bunia anatembea na kadi ya mpiga kura. Nayo katika uandikishaji wa 2023 ilitolewa hata kwa aliyekuwa na miaka 17, mradi angetimiza 18 kufikia siku ya kura. Tukipandisha umri hadi 21 leo, naona atakayefaidi ni askari mwenye njaa, atakayepata sababu mpya ya kusimamisha vijana.

Tena kadi si lazima. Mama mwenye nganda, yaani baa ya mtaani, anajua nani yuko darasa la sita la sekondari, anajua anaishi avenue gani, na huonana na mama wa kijana huyo sokoni au kanisani. Ujuzi huo unazidi karatasi yoyote, na hakuna anayeutumia. Badala yake amri zinashuka kutoka juu, wauzaji wanazisikia kama vitisho, wanafunga mlango wa mbele na kuuzia nyuma.

Bunia ina komine tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Shari ingeweza kutangulia. Kabla ya matokeo, mkuu wa kartie (mtaa) akae na wakuu wa shule na wenye nganda, wakubaliane kwamba siku ya poda mtoto hauziwi pombe, na anayemnunulia naye hauziwi. Kamati za wanafunzi wa vyuo zifute deni la kunywesha baada ya utetezi. Sahani ya wali inawatosha marafiki. Na wajomba waitwe kwenye kikao hicho, maana pesa inatoka mfukoni mwao.