Glaida ya Povu na Betri: Darasa la Ufundi Linaloruka



Katika kikao kimoja cha kamati, mzee wa kanisa aliniuliza mbele ya wote: "Mratibu, paa la chekechea linavuja, nanyi mnanunua ndege za kuchezea?" Swali hilo lilikuwa la haki. Ningeweza kujibu kwamba sadaka ya usharika haikuguswa, kwa kuwa vifaa vilitoka katika fungu la mafunzo ya vijana. Lakini fedha ya mhisani nayo ni amana. Kwa hiyo katika toleo hili naeleza kwa kirefu kitu hiki ni nini, kinajengwaje, kinagharimu kiasi gani, na vijana wa kituo chetu cha ufundi wanapata nini.

GLAIDA NI NINI?

Glaida ni ndege yenye mabawa marefu na uzito mdogo, inayoweza kuelea angani bila injini kuendelea kufanya kazi. Mjerumani Otto Lilienthal aliruka kwa glaida za aina hiyo mara nyingi kuanzia mwaka 1891 hadi alipofariki kwa ajali mwaka 1896. Yetu ni ndogo, haibebi mtu wala kamera. Ina mota ndogo ya umeme puani, na huongozwa kwa rimoti kutoka ardhini. Mota huipandisha juu kwa sekunde chache, kisha huzimwa, na ndege hushuka polepole kama karatasi inayojua inakokwenda.

Wazo la kurusha ndege ndogo kwa umeme si geni. Nchini Uingereza lilifanikiwa kwa rimoti mwaka 1957. Zamani tatizo lilikuwa uzito wa betri. Betri za lithiamu na mota zisizo na brashi ndizo zilizoifanya kazi hii kuwa rahisi na nafuu.

VIPIMO VYETU

Mabawa yana urefu wa mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 18. Eneo lake ni desimita za mraba 27. Ndege nzima ikiwa na betri ina uzito wa gramu 650 hivi, yaani gramu 24 kwa kila desimita ya mraba. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kulinda. Ikipanda sana, ndege italazimika kwenda kasi ili ielee, na mwanafunzi hatapata muda wa kufikiri.

Sisi tulio nyanda za juu tuna sababu ya ziada ya kujenga kwa wepesi. Katika mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani. Bawa lile lile linapaswa kwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 8 ili libebe uzito ule ule.

NAMNA YA KUIJENGA

1. Mabawa. Tunatumia karatasi ngumu yenye povu katikati, ile ya watengeneza mabango, yenye unene wa milimita 5. Karatasi ya upande wa ndani huambuliwa ili kupunguza uzito. Kila bawa ni kipande kimoja kinachokunjwa juu ya ufito wa mbao ya paini wenye milimita 8 kwa 8, kisha kinagundishwa nyuma. Upande wa juu hubaki umebinuka kidogo na wa chini bapa.

2. Pembe ya mabawa. Mabawa mawili yanapounganishwa katikati, kila ncha huinuliwa sentimita 7. Pembe hii ndiyo inayoirudisha ndege sawa inapoyumba. Bila hiyo, usukani wa mkiani peke yake hauwezi kuigeuza vizuri.

3. Mkia. Bawa dogo la mkiani ni sentimita 46 kwa 10, na liko sentimita 65 hivi nyuma ya bawa kubwa. Sehemu zinazocheza ni mbili: usukani wa kushoto na kulia, na kipandishio cha juu na chini. Bawaba zake ni selotepu.

4. Kiwiliwili. Ni boksi jembamba la povu. Mota hufungwa kwenye kipande cha plaiwudi puani. Sevo mbili, yaani vimota vidogo vya kuvuta usukani, hukaa chini ya bawa. Fito za kusukuma ni vijiti vya mshikaki vilivyounganishwa, vyenye waya mwembamba mwishoni.

5. Kitovu cha uzito. Ndege ikiinuliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, sentimita 5.5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele, lazima ikae sawa au iinamishe pua kidogo. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele. Usiirushe kabla ya kurekebisha. Ndege yenye pua nzito huruka vibaya, lakini yenye mkia mzito kwa kawaida huruka mara moja tu.

GHARAMA

Hizi ni bei za makadirio kwa dola za Marekani, kama zinavyopatikana katika maduka ya mtandaoni, bila usafirishaji wala ushuru:

- Rimoti pamoja na kipokezi: 50
- Chaja ya betri: 25
- Mota na kidhibiti mwendo: 22
- Sevo mbili: 6
- Betri ya volti 11.1, mAh 1,300: 15
- Pangaboi la kukunjika: 3
- Povu, gundi, mbao na selotepu: 8

Jumla ni dola 129. Rimoti na chaja ni vya darasa zima. Kikundi kikijenga ndege tatu kwa rimoti moja, na kuongeza vipokezi viwili vya dola 10 kila kimoja, jumla ni dola 257, sawa na dola 86 hivi kwa ndege. Tena angalieni mstari wa mwisho wa orodha: kinachovunjika mara kwa mara ni kile cha dola 8.

HESABU YA BETRI

Hapa ndipo vijana wanapoona faida ya hisabati waliyoichukia shuleni. Mota hula ampea 12. Betri ina mAh 1,300, na hatutumii zaidi ya asilimia 80, yaani 1,040. Hiyo inatosha kuendesha mota kwa dakika 5 na sekunde 12. Kila kupanda kunatumia sekunde 30, kwa hiyo tuna safari kumi za kupanda. Ndege ikifika mita 80 na kushuka sentimita 70 kwa sekunde, inakaa angani karibu dakika mbili kila safari. Kwa hiyo betri moja ndogo hutupatia kama dakika 25 angani.

Betri hizi zinahitaji nidhamu. Kila seli isizidi volti 4.2 wakati wa kuchaji, na huhifadhiwa katika volti 3.8. Tunachaji juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na mtu akiwepo muda wote. Betri iliyovimba haitumiki tena. Pasipo umeme wa gridi, chaja hufanya kazi kwa betri ya sola ya volti 12.

KOSA LILILOTUFUNDISHA

Siku wageni wa sharika walipotutembelea, nilitaka waone ndege ikiruka. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa nimebadilisha sevo moja mwenyewe. Asubuhi kijana aliyepewa rimoti aliomba tukague usukani kwanza. Nilitazama saa, nikamwambia hakuna haja, wageni wanasubiri.

Ndege ilipanda vizuri. Kijana alipotaka kuigeuza kulia, ikaenda kushoto. Alipozidisha kulia, ikazidi kushoto, mpaka ikaingia kwenye mkaratusi. Nilikuwa nimefunga usukani kinyume. Wageni walinong'ona, na kijana akaanza kuomba radhi akidhani ameharibu mali ya kanisa. Ilinibidi nisimame mbele ya watu na kusema kwamba kosa ni langu, na kwamba yeye ndiye aliyetaka kufanya lililo sahihi. Haikuwa rahisi, lakini nadhani hilo ndilo somo walilolikumbuka zaidi kuliko yote niliyofundisha mwaka ule.

Tulipoteza pangaboi na bawa moja. Mota, betri na sevo vilikuwa salama. Jioni mbili baadaye bawa jipya lilikuwa tayari.

Tangu siku hiyo hakuna ndege inayotoka mkononi bila kadi ya ukaguzi kusomwa kwa sauti na watu wawili: bawa limekaza? Kitovu cha uzito kiko mahali pake? Ukivuta kijiti nyuma, kipandishio kinainuka? Ukisukuma kulia, usukani unakwenda kulia? Rimoti inafanya kazi kwa umbali? Kadi ya namna hiyo sasa imetundikwa pia kando ya mashine ya kuranda mbao, ambako kosa dogo huondoa kidole.

KUIRUSHA

Tunaruka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Kwanza ndege hutupwa bila mota, ikielekea upepo, juu ya majani marefu. Ikiinua pua kisha ikaanguka, betri inasogezwa mbele. Ikichoma chini, inarudishwa nyuma kidogo. Mota hufuata baadaye.

Kinachowasumbua wengi ni ndege inapowajia, kwa sababu kushoto na kulia hugeuka. Kanuni yetu ni moja: sukuma kijiti upande wa bawa lililolala chini, nayo itanyooka.

Kuanzia saa 4 hivi jua likishapasha ardhi, hewa ya moto huanza kupanda. Mwewe na korongo wanaijua; huzunguka humo bila kupiga mabawa. Wanaoanza kuzoea tunawaacha wawafuate ndege hao, mota ikiwa imezimwa.

SHERIA NA MIZIGO

Tanzania ina kanuni za vyombo vinavyorushwa bila rubani tangu mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Usharika wowote unaotaka kuanza uulize kwanza Mamlaka hiyo na uongozi wa eneo, kabla ya kununua hata sevo moja. Kaeni mbali na viwanja vya ndege, kambi na mikusanyiko ya watu. Wahisani wanaotaka kutuletea vifaa nao watuandikie kwanza. Betri za akiba za lithiamu husafiri katika mzigo wa mkononi, si katika sanduku la chini ya ndege.

JIBU KWA MZEE WETU

Hatuahidi kwamba vijana hawa watakuwa marubani. Tunachokiona ni kwamba wanajifunza kupima, kuchomelea nyaya kwa risasi, kuhesabu umeme, kutunza betri, na kusema "subiri, tukague" hata kwa mkubwa aliye na haraka. Stadi hizo ndizo za fundi wa sola na fundi wa simu pia.

Na paa la chekechea? Linastahili fungu lake, na tunaziomba kamati zilijadili bila kulishindanisha na mafunzo ya vijana. Watoto wa chekechea wanahitaji paa leo, na kesho watahitaji ufundi.